Jinsi ya Kufuatilia Maisha ya Baharia wa Kawaida Aliyepotelea Baharini Wakati wa Vita

Ziko nyumba katika Mji wa Kale wa Mombasa, Lamu na Unguja ambamo, kila hitima inaposomwa, hutajwa jina la mtu asiye na kaburi. Wanaomtaja huwa wanajua mambo mawili tu: kwamba alikuwa akifanya kazi melini, na kwamba bahari ilimchukua wakati wa vita. Katika ukoo wetu alikuwapo mmoja wa namna hiyo, kaka mkubwa wa babu yangu mzaa baba, na kwa miaka mingi habari zake zote zilitosha katika sentensi moja: "Alipanda meli ya Mzungu, hakurudi." Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mtu anayetaka kuivuka sentensi hiyo. Unamhusu kalasi wa sitaha, mtia makaa, mpakaji wa mafuta ya mitambo, mpishi na mtumishi wa abiria, na hasa wale waliokuwa katika meli za biashara zilizopeperusha bendera ya Uingereza katika vita viwili vya dunia. Manahodha na maofisa waliandikiwa wasifu na kupigwa picha. Mtu wa chini aliacha alama zake katika karatasi za kazi, nazo ni nyingi kuliko ndugu zake wanavyodhani.

Kanuni ya kwanza, ambayo laiti ningeijua mapema ingeniokoa miaka, ni kutafuta chombo kabla ya kumtafuta mtu. Jina la kalasi liliandikwa na karani aliyelisikia mara moja tu, pengine kwa lugha asiyoielewa, kisha likaandikwa tena kwa namna nyingine na karani wa bandari iliyofuata. Meli, kinyume chake, ilikuwa mali ya thamani: iliandikishwa, ikakaguliwa, ikakatiwa bima, na mienendo yake ikawekwa kumbukumbu bandari kwa bandari. Ukiipata meli, umempata karibu kila mtu aliyekuwa ndani yake.

Kuuliza nyumbani

Kabla hujagusa nyaraka yoyote, kaa na wazee. Usiwaulize alikufa mwaka gani, kwa sababu atakayekujibu atakupa mwaka wa kukisia, na mwaka wa kukisia ukishaandikwa huonekana kama ushahidi. Waulize ilikuwa kusi au kaskazi, ilikuwa kabla ya Ramadhani au baada yake, nani alikuwa mchanga wakati huo na nani alikuwa na mimba. Waulize pia habari ilifikaje: ililetwa na karani wa kampuni, na baharia mwenzake aliyeokoka, au haikuletwa na mtu yeyote.

Mfano utaonyesha faida ya maswali haya. Meli ya Tilawa, ya kampuni ya British India, iliondoka Bombay tarehe 20 Novemba 1942 ikielekea Mombasa na bandari za kusini hadi Durban. Tarehe 23, gizani kabla ya alfajiri, ilipigwa torpedo na nyambizi ya Japani I-29, na baadaye ikapigwa ya pili. Kati ya watu 958 waliokuwamo walikufa 280, na 28 kati yao walikuwa wafanyakazi wa meli. Meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa Februari 1944 ikielekea Colombo, na tarehe 12 ya mwezi huo ikazamishwa karibu na Maldivi na nyambizi I-27, ikachukua roho za watu 1,297. Hivi ndivyo visa viwili ambavyo mtafiti wa pwani yetu atakutana navyo mapema, na wazee huvichanganya kwa sababu vyote vinasimuliwa kuwa "meli iliyozamishwa na Mjapani". Lakini kwa hesabu ya mwezi, Tilawa ilizama katikati ya Mfungo Pili wa mwaka 1361 wa Hijria, kabla kaskazi haijashika, ilhali Khedive Ismail ilizama Mfungo Tano wa 1363, kaskazi ikiwa imekolea na Maulidi yakiwa yamebakiza chini ya mwezi mmoja. Bibi asiyejua kusoma kalenda ya Kizungu anaweza kukuamulia jambo hili kwa neno moja.

Omba kuonyeshwa sanduku. Unachotafuta humo si picha peke yake. Tafuta kitabu cha baharia, yaani kile kijitabu kidogo ambacho kila mstari wake una jina la meli, namba yake, tarehe na mahali pa kuajiriwa, tarehe na mahali pa kuachishwa, kazi aliyofanya, na mihuri miwili ya mwisho inayotaja uwezo na mwenendo wake. Ukikuta humo alama "VG", maana yake ni kwamba alihesabiwa mzuri sana. Yaelekea hutakipata, maana baharia alikwenda nacho au alimkabidhi nahodha, nacho kikazama pamoja na chombo. Lakini kile cha zamani kilichojaa mara nyingi kilibaki nyumbani, na hicho ndicho kinachofaa zaidi kwa sababu kinaeleza maisha yake kabla ya safari ya mwisho. Tafuta pia stakabadhi za fedha, kwani baharia aliweza kuagiza sehemu ya mshahara wake ipelekwe kwa mke au mama kila mwezi, na karatasi ya malipo hayo hutaja kampuni hata pale ambapo hakuna aliyelikumbuka jina la meli.

Chanzo kingine ambacho watu hukisahau ni mahakama ya kadhi. Mume akipotea bila maiti kuonekana, mke hawezi kukaa eda wala warithi kugawana mpaka kifo kithibitishwe, na kwa hiyo baadhi ya wajane walilazimika kupeleka mashahidi mbele ya kadhi. Shauri la namna hiyo linaweza kuwa na majina ya mabaharia wenzake, jina la chombo, na orodha ya watoto. Kwa Zanzibar, anzia katika Nyaraka za Taifa zilizoko Kilimani. Kwa Mombasa na Lamu, ulizia mahakamani kwenyewe na katika Nyaraka za Taifa za Kenya mjini Nairobi.

Baharia au askari?

Hakikisha kwanza kwamba unayemtafuta alikuwa kweli mfanyakazi wa meli. Wengi wa Waafrika waliokufa katika Khedive Ismail walikuwa askari wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki waliokuwa wakisafirishwa, nao wanakumbukwa pamoja na askari wengine katika Mnara wa Afrika Mashariki ulio katika makaburi ya vita ya Nairobi. Nyumbani wote walisemwa kuwa "walikufa melini", na kwa hiyo mtu anaweza kutafuta miaka mingi katika orodha za mabaharia jina lililoandikwa katika orodha za jeshi. Swali linalotenganisha ni jepesi: je, alivaa sare na kukaa kambini kabla ya kuondoka, au alikuwa mtu wa kwenda na kurudi?

Kuipata meli

Ukiwa na jina la meli, tafuta namba yake rasmi. Meli ya Uingereza ilipoandikishwa ilipewa namba ambayo haikupewa chombo kingine, na ambayo haikubadilika hata jina la meli lilipobadilika. Umuhimu wake utauona ukikumbuka kwamba meli zilibadilishwa majina na wenyewe mara kwa mara. Khedive Ismail yenyewe ilijengwa Uskoti mwaka 1922 kwa jina la Aconcagua, ikiwa ya kampuni ya Chile, na ilipata jina la Kimisri mwaka 1935 tu. Vilevile ziliweza kuwapo meli mbili au tatu zenye jina moja kwa wakati mmoja. Namba rasmi hupatikana katika vitabu vya usajili vya Lloyd's, taasisi ya London inayoorodhesha meli, na matoleo ya miaka ya 1930 hadi 1945 yanasomeka katika intaneti bila malipo.

Kama jina la meli halijulikani lakini unao wakati na bahari, fanya kinyume: orodhesha meli zote zilizozama katika bahari hiyo kwa miezi hiyo, kisha ondoa moja moja zile ambazo hazikupita bandari ya kwenu. Kazi hii inachosha, lakini haihitaji fedha. Katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, zilizoko Kew jijini London, fungu linaloitwa BT 389 lina kadi za mienendo ya meli za Vita vya Pili, zinazoonyesha kila bandari na tarehe; huko unaweza kuthibitisha kama meli fulani ilikuwapo Kilindini katika majuma ambayo mtu wenu aliondoka.

Kuisoma orodha ya mabaharia

Hapa ndipo penye utajiri, na hapa nataka uende polepole. Kila meli ilikuwa na mkataba wa mabaharia, ambao kila mfanyakazi aliutia saini au kidole gumba kabla ya kuondoka. Mikataba ya kuanzia 1939 imo katika fungu BT 381 huko Kew, na imepangwa kwa namba rasmi ya meli, si kwa majina ya watu, jambo linalokuonyesha kwa nini nilisema uanze na chombo. Meli ilipozama, nakala iliyokuwa ndani ilipotea pamoja nayo, lakini sheria ya Uingereza ya 1894 ilimtaka mwenye meli awasilishe orodha ya waliokuwamo kadiri alivyoweza, na kwa hiyo kupotea kwa meli hakukufuta majina.

Ukurasa wenyewe ni mpana kuliko meza ndogo ya kulia chakula, na hukunjwa mara kadhaa. Kushoto kuna jina, kisha umri au mwaka wa kuzaliwa, mahali pa kuzaliwa, anwani ya nyumbani, meli aliyoifanyia kazi kabla ya hii, tarehe aliyojiunga, kazi yake, mshahara, na mwishoni tarehe, mahali na sababu ya kuondoka. Soma kila safu, usikimbilie ya mwisho. Safu ya meli iliyotangulia ni mlango: fuata jina hilo hadi kwenye mkataba wa meli hiyo, nao utakupa iliyoitangulia, na kwa namna hiyo utarudi nyuma safari kwa safari mpaka siku aliyopanda chombo kwa mara ya kwanza akiwa kijana. Huo ndio wasifu wa mtu ambaye hakuna aliyemwandikia wasifu.

Maneno ya safu ya kazi yanahitaji tahadhari, kwa sababu ni ya Kiingereza cha melini na humpotosha anayejua Kiingereza cha shuleni. Aliyeandikwa Fireman hakuwa zimamoto. Alikuwa mtia makaa, aliyesimama mbele ya tanuri chini kabisa ya meli kwa zamu za saa nne. Trimmer alikuwa mtu aliyeyatoa makaa ghalani kwa toroli na kumsogezea huyo mtia makaa, huku akiyasawazisha ili meli isielemee upande mmoja. Donkeyman alitunza mtambo mdogo wa mvuke uliotumika bandarini. Serang ni yule tunayemwita serahangi, mkuu wa makalasi, ambaye mara nyingi ndiye aliyewaleta watu wake kazini na ndiye aliyesema kwa niaba yao. Ukimkuta mtu wenu chini ya serahangi fulani katika meli tatu mfululizo, fuatilia jina la serahangi huyo, kwa kuwa watu wake huenda walikuwa wa mtaa au ukoo mmoja.

Kazi hiyo pia inaweza kueleza kifo chake. Waliokuwa katika chumba cha mitambo na penye matanuri walikuwa chini ya usawa wa maji, mahali torpedo ilipopiga, nao walikuwa na ngazi nyembamba tu za kupandia. Nilipojifunza jambo hili nilielewa kwa nini katika orodha za waliopotea watia makaa huwa wengi hivyo.

Katika safu ya mwisho utakuta tarehe ya kuachishwa kazi ambayo ni ile ile siku meli ilipozama, na mahali pameandikwa "baharini" kwa Kiingereza. Usishangae ukiona hata walionusurika wameandikwa hivyo. Mkataba ulikuwa wa meli ile, na meli ikizama mkataba ulikatika. Sheria ya 1925 iliwapa walionusurika haki ya kulipwa hadi miezi miwili wakikosa kazi, lakini mstari wa mshahara uliishia hapo. Kwa hiyo tarehe peke yake si ushahidi wa kifo. Thibitisha katika fungu BT 334, lenye rejista za vifo vya abiria na mabaharia kuanzia 1891, ambamo aliyepotea bila maiti kuonekana hutajwa kwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya "inadhaniwa amezama".

Majina

Usitafute jina kama mnavyoliandika nyumbani. Andika orodha ya namna zote ambazo sikio la Mwingereza au la Mhindi lingeliandika: Hamisi inaweza kuwa Khamis, Hamees au Camis, Mbaraka inaweza kuwa Mubarak au Embarak, Ali huwa Ally au Allie. Jina la baba mara nyingi huandikwa kana kwamba ni jina la ukoo, na wakati mwingine huachwa kabisa, hata ukakuta watu wanne wanaoitwa Juma katika ukurasa mmoja, wakitofautishwa kwa umri tu. Pamoja na hayo, mahali pa kuzaliwa pasikufunge. Palipoandikwa Zanzibar panaweza kuwa Zanzibar kweli, na panaweza pia kuwa jina la bandari alikoanzia kazi kijana wa bara ambaye karani hakutaka kumuuliza zaidi. Tangu karne ya 19 Waingereza waliwaita mabaharia weusi wa pwani hii kwa jina la jumla la "sidi", bila kujali mtu alitoka Kilwa, Ngazija au Nyasa.

Kwa Vita vya Kwanza, vile ambavyo wazee wetu waliviita vita vya Mjarumani, bahati yako iko katika mwaka mmoja. Orodha zote zilizobaki za mwaka 1915 zimenakiliwa, zina zaidi ya majina 750,000, na zinatafutika bure katika tovuti ya Jumba la Makumbusho ya Bahari la Greenwich. Uzuri wake ni kwamba unaweza kutafuta kwa mahali pa kuzaliwa bila jina lolote. Andika Zanzibar, Mombasa, Lamu, kisha Comoro, na usome majina yote yanayokuja kwa sauti. Sikio litatambua Kiswahili mahali jicho lisipotambua. Kwa miaka kati ya vita viwili, kadi za mabaharia za mafungu BT 348 hadi BT 350 zinafaa, na zile za 1918 hadi 1921 huwa na picha ya uso. Kwa familia isiyo na picha hata moja, kadi hiyo ina thamani isiyopimika.

Mahali jina lake lilipowekwa

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina hifadhidata inayotafutika bure. Mabaharia wa meli za biashara wasio na kaburi wanakumbukwa hasa katika Mnara wa Tower Hill jijini London, wenye majina karibu 12,000 ya Vita vya Kwanza na karibu 24,000 ya Vita vya Pili. Majina hayo yamepangwa kwa meli. Lakini usiishie hapo, kwa sababu mahali pa kumbukumbu palifuata aina ya mkataba. Waliojiunga kwa mikataba ya Kihindi, ambao mshahara wao mara nyingi haukufika theluthi ya mshahara wa Mwingereza kwa kazi ile ile, wamo katika kumbukumbu za Bombay na Chittagong. Zile za Vita vya Pili zina majina zaidi ya 6,000, yaliyoandikwa katika vitabu vya heshima. Msomali au Mwarabu aliyejiunga Cardiff au South Shields kwa mkataba wa Kiingereza anaweza kuwa Tower Hill. Watu wawili waliozama na meli moja, usiku mmoja, wanaweza kuwa na majina katika mabara mawili tofauti. Tafuta kwa tarehe na jina la meli, uone wote waliokufa naye, kisha umtambue wa kwenu kati yao.

Ikiwa jina halimo kabisa, kumbuka kwamba Tume huwahesabu mabaharia wa biashara waliokufa kwa sababu ya vita. Aliyefariki kwa homa au kwa kuanguka ghalani hakuingia. Ikiwa jina limo lakini limeandikwa vibaya, Tume hupokea maombi ya kusahihisha yakiambatanishwa na nakala za nyaraka za wakati huo. Hii ni kazi inayostahili kufanywa hata kama kosa ni la herufi moja.

Ukitaka kujua saa zake za mwisho, soma taarifa za walionusurika katika fungu ADM 199 huko Kew, jalada namba 2130 hadi 2148. Ofisa aliyeokoka alihojiwa kuhusu torpedo ilipopiga, mashua zilizoshushwa na zilizopinduka, na muda watu waliokaa majini. Ni simulizi za maofisa, na mara nyingi huwataja makalasi kwa idadi tu. Hata hivyo utajua bahari ilikuwa tulivu au imechafuka, na kama kulikuwa na nafasi ya kuokoka.

Kila unapopata ukurasa, rudi nao nyumbani. Uchapishe kwa herufi kubwa, uusome kwa sauti mbele ya wazee, safu baada ya safu, na uwe na daftari mkononi. Mimi nilimsomea shangazi yangu mkataba wa safari moja ya kabla ya vita, ambamo kaka wa babu aliandikwa kuwa na umri wa miaka 22. Mshahara haukumgusa, wala jina la meli. Nilipofika kwenye anwani akanizuia na kuniomba niirudie. Nilirudia mara mbili. Akasema nyumba hiyo haikuwa ya kwetu, ilikuwa ya wakwe zake, na akaanza kunitajia waliokuwa wakiishi humo. Wawili kati yao nilikuwa sijapata kuwasikia maisha yangu yote, na mmoja ana wajukuu ambao bado wanakaa mtaa ule ule.